RISALA YA UFUO: AMANA YA PWANI NA USHAHIDI WA MWENYE KUIANGALIA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeitiisha bahari kwa waja Wake ili wapate humo kitoweo na pambo na njia ya vyombo vyao. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baad.

SABABU YA KUANDIKA RISALA HII

Ndugu zetu Waislamu, watu wa pwani: yako mambo ambayo mtu huyapita kila siku kwa miguu yake wala asiyatie moyoni. Moja katika hayo ni ufuo wa bahari. Hapo twashusha vyombo vyetu, hapo watoto wetu wacheza, na hapo twamsubiri mvuvi arejee. Lakini ukimwuliza mmoja wetu, mwezi uliopita bahari ilitupa nini ufuoni pako, na ni kasa wangapi waliopanda kutaga, hana jawabu.

Sasa wako watu, katika sehemu nyingi za pwani hii tangu Kiunga na Lamu mpaka Watamu na Mafia, waliojipa kazi ya kupita ufuoni kwa siku maalumu, wengine wao pasipo ujira, wakaangalia na kuandika waonayo: nyayo za kasa, viota, ndege walio hai na waliokufa, na takataka kwa hesabu na aina yake. Huko Watamu kazi ya kuwachunga kasa ilianza mwaka 1997, na huko Mafia mwaka 2001. Vijana wetu wengine wameingia katika kazi hii, na wazee wengine barazani wamewacheka, wakisema kuwa kuhesabu taka ni kazi ya asiye na kazi.

Basi tumeulizwa: jambo hili lina asili katika dini yetu, au ni upuuzi ambao Muislamu yampasa kuuepuka?

Jawabu yetu, na taufiki ni ya Mwenyezi Mungu, ni kuwa lina asili tatu zilizo imara. Ya kwanza ni kuondoa maudhi katika njia ya watu. Ya pili ni kuwahurumia viumbe. Ya tatu, nayo ndiyo watu waliyoisahau zaidi, ni kusimamisha ushahidi wa kweli. Tutaieleza kila moja mahali pake, kisha tutataja adabu za kazi hii na shaka za wenye kuipinga.

MLANGO WA KWANZA: UFUO NI WA NANI

Jueni kuwa ufuo si milki ya mtu mmoja. Mafaqihi wetu wameweka kitu kinachoitwa harimu, yaani pembezoni mwa kisima au mto au njia, mahali ambapo watu wote wapahitaji, basi haijuzu mtu kupashika peke yake wala kupaharibu. Imamu Suyuti, naye ni katika maimamu wa madhehebu yetu ya Shafii, aliandika risala khasa ya kukataza watu kujenga katika kingo za Mto Nili. Ikiwa kingo za mto zina heshima hiyo, ufuo wa bahari, ambao ni bandari na soko na njia ya umma mzima, hauwi na heshima iliyo chini ya hiyo.

Na kitu kilicho cha wote, dhara yake ni ya wote. Mtume (S.A.W.) ametupigia mfano ambao sisi watu wa vyombo twaufahamu kuliko wengine, nao umo katika Sahihi ya Bukhari. Ametaja watu waliopiga kura ndani ya jahazi moja, wengine wakapata juu na wengine wakapata chini. Wale wa chini walipotaka maji walikuwa wakipita kwa wale wa juu. Wakaona bora watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe, wasiwaudhi wenzao. Akabainisha kuwa wa juu wakiwaacha wafanye watakalo, wote wataangamia. Na wakiwashika mikono, wote wataokoka.

Zingatieni hapa, ndugu zangu. Wale wa chini hawakuwa na nia mbaya. Walitaka maji tu, tena walijiona wana adabu. Vivyo hivyo mtu wetu atupaye mfuko wa taka majini hana nia ya kumdhuru mtu. Asema bahari ni kubwa. Lakini ubao ni mmoja, na maji yakiingia hayaulizi ni nani aliyetoboa.

MLANGO WA PILI: KATIKA KUONDOA MAUDHI

Imethibiti katika hadithi sahihi kuwa imani ina matawi sabini na kitu, na la chini yake kabisa ni kuondoa chenye kuudhi njiani. Watu wengine wakisikia neno "la chini" hulidharau, na hilo ni kosa katika kufahamu. Tawi la chini ni tawi la mti huo huo, na asiyeweza la chini atayafikiaje ya juu? Na katika Sahihi ya Muslim, kwa mapokezi ya Abu Dharri, Mtume (S.A.W.) alionyeshwa amali za umma wake, njema na mbaya, akaona katika njema zao udhia ulioondolewa njiani. Basi amali hiyo yaandikwa na yaonyeshwa. Wewe waionea haya kwa sababu gani?

Na Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Sura ya Rum kuwa ufisadi hudhihiri bara na baharini kwa machumo ya mikono ya watu wenyewe, wapate kuonja baadhi ya waliyoyafanya, asaa watarejea. Aya hii waliifasiri watu wa kale kwa njaa na ukame na upungufu wa riziki, nasi twaikubali tafsiri yao. Lakini mtu wa leo akisimama ufuoni baada ya bamvua, aona mbele ya macho yake machumo ya mikono: chupa za plastiki, vifuniko, ndara zilizokatika, kamba za nailoni, vipande vya nyavu, na vibiriti vya gesi.

Takataka za wazee wetu zilikuwa makuti, vifuu, na vigae vya mitungi. Vya miti huoza vikawa udongo, na kigae hulala mchangani kama jiwe, hakimdhuru samaki. Plastiki haiozi hivyo. Jua na mawimbi huivunja, ikawa vipande, na vipande vikawa punje ndogo zisizookoteka, zikaliwa na samaki. Kasa huuona mfuko uliomo majini akaudhani ni konyeza, yule mnyama wa bahari aliye laini na mwenye kung'aa, ambaye kasa wengi humla. Akiumeza huziba matumbo yake, akafa kwa njaa na tumbo lake limejaa. Na wavu uliopotea haujui kuwa mwenyewe amekwenda zake: waendelea kunasa, usiku na mchana, wala hapana wa kuutega wala wa kuutegua.

Serikali zimeliona jambo hili. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Hilo ni jambo la kushukuriwa, na kuitii sheria isiyoamrisha maasi ni wajibu. Lakini mfuko ni aina moja tu ya taka, na sheria haishuki ufuoni kuokota.

Na mafundi wa Lamu walionyesha njia nyingine. Waliunda chombo kizima kwa plastiki iliyookotwa, wakakipamba kwa ndara za rangi, kikaitwa Flipflopi, na mwanzoni mwa mwaka 2019 kikasafiri kutoka Lamu mpaka Unguja ili watu waone kwa macho yao bahari yabeba nini. Ni kazi ya mafundi wetu wenyewe, kwa shoka na keekee zile zile zilizounda majahazi ya baba zetu.

MLANGO WA TATU: KATIKA VIUMBE WA UFUONI NA HUKUMU YA KASA

Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Sura ya An-aam kuwa wanyama wa nchi na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma mfano wetu. Na mwenye kujua kuwa kiumbe ni umma hampiti kama apitavyo jiwe.

Mtazameni kasa. Jike lake hupanda ufuoni usiku, akachimba kwa miguu yake ya nyuma, akataga mayai yapatayo 100 au zaidi, akayafukia, akarudi baharini asiyaone tena. Mayai hukaa mchangani muda wa miezi miwili kwa kukadiria. Mchanga ukiwa na joto zaidi, wengi wa watoto huwa majike. Ukiwa na baridi zaidi, wengi huwa madume. Wakitoka huenda upande ulio na mwangaza, kwa kuwa Mola wao amewatia katika maumbile yao kuifuata nuru ya bahari. Basi taa ikiwaka nyuma yao, katika nyumba au hoteli, huifuata ile taa wakapotea bara, na asubuhi hukutwa wamekauka au wameliwa. Katika wale wachache wanaosalimika, jike huchukua miaka ishirini au thelathini au zaidi mpaka abaleghe, kisha hurudi kutaga katika pwani za upande ule ule alikozaliwa. Maana yake ni kuwa kasa atakayepanda ufuoni usiku wa leo huenda alianguliwa hapo kabla wengi wa vijana wetu hawajazaliwa.

Mwenye kuangalia husoma nyayo. Kasa wa kawaida hupiga mikono yake iliyo kama makafi yote miwili pamoja, alama zake zikawa sawasawa kuume na kushoto. Ng'amba huipishanisha, alama zikapishana. Kwa alama hizo, kabla maji hayajajaa na kuzifuta, hujulikana ni nani aliyepita, na kama alitaga au alirudi bure.

Watazameni na ndege. Yuko ndege mmoja mweupe na mweusi, mwenye miguu mirefu na mdomo mnene, alaye kaa, ambaye huonekana makundi makundi katika hori ya Mida, karibu na Watamu. Ndege huyu hutaga katika mashimo ya mchanga katika pwani za Uarabuni na Ghuba, kisha huja kwetu wakati usio wa kutaga. Ni msafiri wa njia ile ile ya majahazi ya Omani, naye hakuhitaji rubani wala dira. Mgeni wa namna hii, akifika akakuta hori imejaa nailoni, tumemkirimu vipi?

Na katika mambo ya huruma, Abu Daud amepokea kwa Ibn Masud kuwa sahaba waliwatwaa makinda wawili wa ndege safarini, mama yao akaja akitandaza mbawa zake kwa huzuni. Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa watoto wake, akaamrisha warejeshewe. Mtume mwenye kazi ya umma mzima juu ya mabega yake alisimama kwa ajili ya kinda la ndege. Anayesema kumwangalia kasa ni kupoteza wakati, na aitazame hadithi hii.

Ama hukumu ya kumla kasa, hapa yatupasa kusema wazi, kwani jambo hili limetoa roho za watu. Imamu Nawawi katika Minhaji amesema kuwa kinachoishi bara na baharini, kama chura na kaa na nyoka, ni haramu; na wafafanuzi wengi wa kitabu hicho wamemtia kasa katika hao. Wako wanazuoni waliosema vingine, na hatumtoi mtu katika dini kwa jambo lenye khitilafu. Lakini hata kwa mwenye kushika kauli ya uhalali, chakula chenye sumu hakina khitilafu kuwa ni haramu, kwani Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya Bakara kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizo.

Na sumu hiyo ipo. Mwezi wa Novemba 2021 watu 7 walikufa Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Na mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko huko Pemba, walikufa watoto 8 na mtu mzima 1, na watu 78 wakalazwa hospitali. Mwenyezi Mungu awarehemu na awape subira wazee wao. Sumu hiyo yadhaniwa kutokana na baadhi ya vitu alavyo kasa baharini. Haionekani kwa macho, haina ladha ya kuijulisha, na wala moto wa jikoni hauiondoi. Leo kasa yule amekula jambo la salama, kesho amekula jambo la mauti, na mchinjaji hajui. Basi baba anayemlisha mwanawe nyama hii baada ya khabari hizi kumfikia, atamjibu nini Mola wake? Na zaidi ya hayo, sheria za nchi zetu zimekataza kumwua, basi mwenye kumla amekusanya khatari ya roho, shubuha ya dini, na kuvunja sheria.

MLANGO WA NNE: KATIKA KUANDIKA NA KUSIMAMISHA USHAHIDI

Atasema mtu: nimekubali kuokota taka, na nimekubali kumwacha kasa. Lakini kuhesabu na kuandika kuna faida gani? Taka ni taka, zikiwa kumi au zikiwa mia.

Jawabu ni hii. Dini yetu ni dini ya ushahidi. Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe, ndogo au kubwa, pamoja na muda wake, na aya hiyo ndiyo ndefu kuliko zote katika Kurani. Na katika Sura ya Israi ametukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, akatuambia kuwa masikio na macho na moyo, vyote vitaulizwa. Basi macho yana hesabu yake. Mtu asiyeandika husema: "Zamani kasa walikuwa wengi," na mwingine humjibu: "Ungali wako wengi," nao wote wawili hawana hoja. Mwenye daftari ya miaka kumi hana haja ya kupaza sauti.

Nanyi tazameni mfano wa mbali. Katika pwani ya magharibi ya Marekani wako watu waliojitolea, chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha Washington, ambao kila mwezi hupita ufuo ule ule, kila mtu na kipande chake, wakahesabu ndege waliokufa. Kila ndege wamwonaye humfunga alama, ili mwezi wa pili asihesabiwe tena akawa wawili. Kazi hiyo ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwa miaka mingi yaweza kuonekana ni kazi isiyo na matunda: mwezi huu ndege wawili, mwezi ujao hapana. Kisha katika kiangazi cha mwaka 2015 mpaka mwanzo wa mwaka 2016, ndege wa bahari waitwao murre wapatao 62,000 walionekana fuoni, wamekufa au wamo katika kukata roho, tangu California mpaka Alaska. Kwa sababu daftari zilikuwapo, wajuzi waliweza kusema kwa yakini kuwa haya si mauti ya kawaida, wakafuatilia sababu, wakaona kuwa bahari ilikuwa imepata joto kupita kiasi na chakula cha ndege kikapungua. Lau zile daftari tupu tupu za miaka ya nyuma hazikuandikwa, khabari ile ingekuwa uvumi tu.

Hivyo ndivyo ilivyo katika takataka pia. Mwaka 1986 huko Texas, watu wapatao 2,800 walikusanyika kusafisha fuo, na waliowaongoza hawakutosheka na kujaza magunia: walimpa kila mtu kadi ya kuandika kila kitu alichookota, kwa aina yake. Maana mwenye kujua aina hujua asili. Chupa za vinywaji zatoka nyumbani na dukani, kamba na nyavu zatoka chomboni, na maandishi yaliyomo juu ya kifuniko yaweza kutaja nchi ilikotoka. Mwenye kuokota pasi na kuhesabu ameusafisha ufuo siku moja. Mwenye kuhesabu amejua wa kuambiwa ni nani.

Na sisi Waislamu tuna kitu ambacho wengi hawana. Tarehe zetu ni za mwezi, na bahari nayo yaufuata mwezi. Kila mvuvi ajua kuwa bamvua ni mwezi uandamapo na upevukapo, na maji mafu ni baina yake. Maji ya bamvua ndiyo yapandayo juu kabisa, yakaacha mstari wa mwani na taka pale yalipokomea. Basi mwenye kuweka miadi ya kupita ufuo wake kila mwezi tarehe 3 na tarehe 17, kwa hesabu yetu ya Kiislamu, atakuta kila mara bahari iko katika hali moja, na hesabu zake zitalingana. Kalenda ya kazi hii twaifundisha chuoni kila siku, wala hatukujua kuwa ni kalenda ya ufuo.

MLANGO WA TANO: KATIKA ADABU ZA MWENYE KUANGALIA

Ya kwanza ni nia. Afanye kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, si kwa kupigwa picha. Magunia yaliyopangwa mbele ya wakubwa, kisha watu wakaenda zao mpaka mwaka wa pili, ni jambo ambalo malipo yake yamekwisha pokewa papo hapo.

Ya pili ni kudumu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, kwa mapokezi ya Bibi Aisha, kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni iliyodumu ijapokuwa chache. Na hii ndiyo roho ya jambo letu zima. Ufuo mmoja wa hatua mia, unaopitiwa mara mbili kwa mwezi kwa miaka kumi, una faida kuliko fuo kumi zilizopitiwa mara moja.

Ya tatu ni ukweli. Aandike alichokiona, asiandike alichokidhania. Akiona nyayo asiwe na yakini ni za nani, na aandike kuwa hakuyakinisha. Na siku asiyoona kitu, na aandike: "Hapana." Neno hilo "hapana" ni ushahidi kamili kama ushahidi mwingine, na mwenye kuliacha kwa kuona haya ameiharibu daftari yake. Wala asizidishe taka ili asikitikiwe, wala asipunguze ili mtaa wake usifiwe. Ushahidi wa uwongo ni katika madhambi makubwa, na haukuwekewa mpaka kuwa ni wa mahakamani peke yake.

Ya nne ni kutochungua aibu za watu. Ameamrishwa kuangalia ufuo, hakuamrishwa kupeleleza nyumba. Akimwona mtu atupa taka, na amnasihi kwa siri na kwa upole, asimtangaze sokoni.

Ya tano ni kutodhuru kwa jina la kusaidia. Asimulike kasa apandaye kutaga, wala asimzunguke, wala asimpande mgongoni. Asifukue kiota kwa hamu ya kuona, wala asigeuze mayai, kwani kiini kikishashika katika ganda, yai likigeuzwa hufa. Kiota kilicho katika khatari ya maji na wahamishe waliofundishwa. Mwani ulioletwa na maji na auache, kwani humo hupata riziki kaa na ndege. Na vyenye kukata, kama sindano na vioo, asivishike kwa mkono mtupu.

Ya sita ni kutopoteza fardhi. Hapana daftari yenye kumwokoa mtu aliyeiacha Sala ya Alfajiri ili awahi nyayo. Na asali kwanza, kisha ashuke ufuoni. Nyayo zitamngoja mpaka maji yajae.

MLANGO WA SITA: KATIKA SHAKA ZA WENYE KUPINGA

Wasema wengine: "Hii ni kazi ya Wazungu, na kujifananisha nao kumekatazwa." Twasema: lililokatazwa ni kujifananisha nao katika yaliyo khasa ya dini zao na maovu yao. Kuondoa maudhi tumeamrishwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu iliyopita. Ikiwa mgeni amekutangulia katika tawi la imani yako, haya si juu yake, ni juu yako.

Wasema wengine: "Taka zaletwa na mkondo kutoka nchi za mbali. Leo twaokota, kesho zaja nyingine. Ni kuteka maji kwa pakacha." Twasema: ni kweli kuwa nyingine zatoka mbali, na hiyo ndiyo sababu ya kuhesabu, zijulikane za mbali na zetu. Na zile zetu, je? Tusijifiche nyuma ya mkondo. Tena hukukalifishwa kuimaliza taka ya bahari, umekalifishwa kadiri ya uwezo wako. Bandu bandu huisha gogo.

Wasema wengine: "Serikali ichukue kodi, nasi tuokote?" Twasema: na waidaini serikali haki yao, nayo hiyo daftari ndiyo itakayowapa hoja ya kuidai. Lakini asubuhi ya Kiama hatoulizwa mtu kuhusu amali ya baladia. Ataulizwa kuhusu amali yake.

Na wasema wavuvi: "Mwatunyima riziki." Nao hawa maneno yao yana haki ya kusikilizwa, kwani wao wana njaa, sisi tuna wino. Twawaambia kwa upole: samaki wenu ndio wa kwanza kuila plastiki hii, na wavu uliopotea wavua samaki ambao mngewauza ninyi. Huko Watamu mvuvi aliyenasiwa na kasa hutoa khabari, akaja mtu akamtwaa kasa akamrudisha baharini, na mvuvi akapewa kitu kidogo cha kumfaa kwa taabu yake. Njia ya namna hiyo ndiyo inayofaa kuigwa: tusimwamrishe maskini wema ambao gharama yake twamwachia peke yake.

KHATIMA

Basi nasaha yetu kwa ndugu zetu ni jambo moja jepesi. Kila msikiti ulio karibu na bahari na ushike kipande kimoja cha ufuo, kutoka alama hii mpaka alama ile. Wachaguliwe watu wawili au watatu wenye kudumu, na pamoja nao mvuvi mmoja mzee ajuaye nyayo na mikondo. Iwekwe daftari moja katika kabati ya msikiti, yenye tarehe, hali ya maji, upepo, vilivyo hai, vilivyokufa, na takataka kwa aina. Isomwe khabari yake kwa jamaa kila baada ya miezi mitatu, ili watu wajue. Na watoto wa chuo wafundishwe, wakue wakijua kuwa kuangalia nacho ni kitu cha kuulizwa.

Ardhi yenyewe, kama ilivyotajwa katika Sura ya Zilzala, siku hiyo itatoa khabari zake. Ufuo huu ni sehemu ya ardhi. Kila tulichokitupa juu yake, na kila tulichokiokota, utakisema. Basi kheri tuitangulie shahada yake kwa shahada zetu, tuwe tumeandika kabla hatujaandikiwa.

Ewe Mola wetu, tujaalie kuwa katika wenye kuondoa maudhi, wala usitujaalie kuwa sisi ndio maudhi. Warehemu waliokufa Pemba, na wazamiao maji katika kutafuta riziki, na wasafiri wa bara na bahari. Ihifadhi pwani yetu na watu wake na viumbe vyake, na utujaalie ukweli katika tunayoyaona na tunayoyaandika.

Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake wote. Na sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote.

Wabillahi taufiki.